Keki ya arusi ya krimu ya siagi: namna ya kuipamba ikasimama kwenye joto la Pwani

Ukitazama picha za arusi zinazozunguka kwenye simu siku hizi, kuanzia Vanga hadi Lamu, utaona keki ya aina moja inajirudia. Ni ya ghorofa mbili au tatu, rangi yake nyeupe ya maziwa, na haikusuguliwa ikang'aa kama kioo. Alama za kisu zinaonekana ubavuni, pengine keki yenyewe inachungulia chini ya krimu, na maua machache yamekaa upande mmoja kama yaliyojiangukia. Waokaji wanaiita rastiki, yaani ya mtindo wa shamba. Haina fondanti, ile ngozi ya sukari inayotandikwa juu ya keki kama shuka. Kilichopo ni krimu ya siagi tu.

Wengi huiagiza kwa kudhani ni rahisi kuliko zile za zamani. Kwa macho ni kweli. Kwa kazi si kweli, hasa huku kwetu. Fondanti huficha keki iliyopinda na huhimili joto kwa muda kabla haijalegea. Krimu ya siagi haifichi kitu, na kwa kuwa ni mafuta, huyeyuka. Anayeoka nyumbani kwake Majengo au Kisauni amechukua rubuni ya watu, amenunua vitu kwa fedha hiyo, na usiku wa kupamba ukumbi mzima unaitazama kazi yake. Keki ikiteleza mbele ya bibi arusi, hapana wa kumwambia kwamba lilikuwa joto.

Mtindo wenyewe umetoka ng'ambo. Keki ya arusi ya Malkia Victoria wa Uingereza mwaka 1840 ilipakwa sukari nyeupe iliyokauka ikawa ngumu, na kwa zaidi ya miaka 100 keki kubwa za Kiingereza zilifuata njia hiyo. Krimu laini yenye alama za kisu ilikuja kupata heshima ya arusi kubwa baadaye sana. Mwaka 2018, Prince Harry na Meghan Markle walipooana Windsor, keki yao iliyotengenezwa na Claire Ptak ilikuwa ya limau na maua ya elda, ikapakwa krimu ya siagi na kupambwa kwa maua mabichi. Tangu hapo picha yake imeigwa dunia nzima. Ila ile ilikuwa Mei ya Uingereza. Picha ya simu haina joto, na hapo ndipo matatizo yetu yanapoanzia.

Siagi na kipimajoto

Siagi ya maziwa huanza kulegea joto likipita nyuzi 20 hivi, na ikifika kati ya 32 na 35 imekuwa maji. Mombasa mwezi wa Machi mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku haushuki sana chini ya 25. Ongeza unyevu wa bahari, taa za wapiga video na pumzi za wanawake 300 ndani ya ukumbi mmoja. Kwa miaka hii Mfungo Mosi, mwezi ambao arusi hufuatana baada ya Ramadhani, umekuwa ukiangukia mwishoni mwa Machi na Aprili, yaani kaskazi inapomalizika na joto liko kileleni. Mwezi wa Hijria husogea nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, kwa hivyo halitakuwa hivi daima, lakini kwa sasa mwokaji anapopokea kazi ya Mfungo Mosi ajue anapokea kazi ya joto. Keki ya Julai, wakati wa kusi, ni kazi nyingine kabisa.

Kabla ya kuchagua krimu, kuna jambo la lugha linalowaponza watu. Huku Kenya ukimtuma mtoto dukani akalete siagi, mara nyingi atarudi na majarini ya kupaka mkate. Hiyo ni mafuta ya mimea yaliyochanganywa na maji, na nyingine zina maji mengi mno. Ukiipiga na sukari itakuwa laini kama uji na haitashika alama ya kisu. Siagi inayotajwa hapa ni ya maziwa, ambayo pakiti yake huonyesha mafuta asilimia 80 au zaidi. Chukua isiyo na chumvi, kisha utie chumvi yako mwenyewe kidogo.

Krimu zenyewe ziko za namna kadhaa, ila mwokaji wa Pwani atachagua kati ya tatu.

Ya kwanza ni ya siagi tupu na sukari ya aisingi, kipimo kimoja cha siagi kwa viwili vya sukari kwa uzani. Ladha yake ni nzuri na ni rahisi kuipiga. Kwenye ukumbi wenye kiyoyozi cha uhakika inafaa. Nje ya hapo, baada ya muda mfupi, hung'aa, huteleza na hatimaye hutoka tumbo katikati.

Ya pili ni ile ya ute wa mayai. Ute na sukari hupashwa juu ya mvuke hadi nyuzi 71, sukari ikayeyuka yote, halafu hupigwa hadi ukasimama na kupoa, ndipo siagi ikatiwa kipande kwa kipande. Ndiyo laini kuliko zote na haina utamu wa kukereketa koo. Keki ya Windsor ilikuwa ya jamii hii. Waokaji wengi waliosoma kwenye video huipenda, na mimi sikatai ladha yake, lakini mafuta yake yote ni siagi, kwa hivyo kwenye joto haina ubavu zaidi ya ile ya kwanza. Kuichagua kwa arusi ya kiwanjani mwezi wa Machi ni kujitafutia makuu.

Ya tatu ndiyo inayobeba arusi nyingi za kwetu: nusu siagi, nusu mafuta meupe ya mgando ya mimea, yale ya mkebe ambayo huganda hata kabatini. Mafuta haya huyeyuka kwenye joto la juu kuliko siagi. Kasoro yake ni kwamba hayana ladha, na yakizidi huacha utando mdomoni. Kwa hivyo usivuke nusu isipokuwa keki itakaa nje, na hapo robo tatu ya mafuta ya mgando inasameheka. Ladha irudishe kwa njia nyingine: iliki iliyosagwa laini, maganda ya limau yaliyokunwa, au zafarani iliyorowekwa kwenye kijiko kimoja cha maziwa ya moto ikaachwa ipoe. Marashi ya waridi ya kula nayo hufaa, ila ni maji; kijiko kimoja au viwili vya chai kwa kilo ya krimu vinatosha, ukizidisha krimu hukatika. Vanila ya maji iliyo halisi hutengenezwa kwa alkoholi, kwa hivyo wateja wengi wa Kiislamu watauliza. Vanila ya unga ipo na inaondoa maswali. Vilevile zile lulu za kumeremeta na peremende za mapambo soma pakiti yake, kwa sababu ya jelatini.

Kwa keki ya ghorofa tatu za inchi 10, 8 na 6, pamoja na krimu ya katikati ya tabaka, utahitaji kilo 2.5 hadi 3 za krimu. Siagi nusu kilo, mafuta ya mgando nusu kilo na sukari ya aisingi kilo moja na nusu hadi mbili zitakupeleka hapo. Chekecha sukari. Vitabu vya ng'ambo husema siagi ikae nje usiku kucha ilainike. Usifanye hivyo Mombasa. Itoe kwenye friji dakika 10 au 15 kabla, iwe inaingia kidole lakini bado baridi, uipige peke yake dakika tano hadi igeuke nyeupe, ndipo mafuta na sukari vifuate kidogo kidogo. Ukiona imeanza kung'aa, simamisha mashine na ukalishe bakuli kwenye sufuria ya maji ya barafu. Rangi ikibaki ya manjano na mteja ametaka nyeupe, tone dogo mno la rangi ya zambarau huiua manjano. Liweke kwa ncha ya kijiti. Kwa mtindo huu wa shamba, lakini, rangi ya maziwa ndiyo yenyewe.

Kabla ya pambo

Keki inayobeba keki nyingine haiwezi kuwa ile sponji ya mayai iliyojaa hewa. Inataka keki ya siagi iliyoshikana, na ghorofa ya chini iwe ndiyo ngumu kuliko zote. Zioke siku moja kabla, zipoe kabisa, zifungwe kwenye karatasi ya nailoni na zilale kwenye friji. Keki baridi hukatika sawasawa na haimwagi makombo. Kata kile kichuguu cha juu kila tabaka iwe bapa. Ikiwa ndani utaweka jemu ya embe au ukwaju, izungushie kwanza ukingo wa krimu nzito, la sivyo uzito wa juu utaisukuma itoke ubavuni.

Kila ghorofa ikalishwe kwenye ubao wake wa karatasi ngumu wenye upana uleule wa keki. Halafu paka koti la kwanza, jembamba sana, kazi yake ni kunasa makombo tu. Itie kwenye friji nusu saa hadi krimu ikigusika isikuache na kitu kidoleni. Stima ikipotea wakati huu, na hupotea, usifungue friji. Wanaofanya kazi hii mara kwa mara huweka kasha la barafu karibu siku ya kazi, na ni busara.

Koti la pili ndilo pambo lenyewe. Weka keki kwenye kisahani cha kuzunguka, pakaza krimu ya kutosha kwa kisu kirefu bapa, na hapa ndipo mkono wa mtu unapojulikana. Namna ya kwanza ni ya mistari: kichwa cha kisu kimeegemea keki chini kabisa, kisahani kinazungushwa taratibu, na mkono unapanda polepole hadi juu, ukiacha mfereji mmoja unaozunguka kama ngazi ya mnara. Ya pili ni ya mawimbi mafupi, yanayovutwa kwa mgongo wa kijiko kutoka chini kwenda juu, moja kando ya jingine. Mfano wake ni ukuta wa chokaa wa nyumba za kale, ambao haukunyooka na ndiyo uzuri wake. Ya tatu ni ya keki nusu uchi, ambapo krimu hupakwa kisha hukwanguliwa kwa kibao hadi ngozi ya keki ionekane hapa na pale.

Ya tatu haitaki krimu nyingi, na kwa hiyo haina uzito wa kuteleza. Kwenye joto ina nafuu. Ubaya wake ni kwamba keki iliyo wazi hukauka haraka kwa feni. Ipake maji ya sukari kila tabaka kabla ya kuijenga, na usiikwangue mapema. Iwe ni siku ileile ya arusi.

Kosa linaloonekana sana katika mtindo huu ni la kutojua kuacha. Mtu anapaka, anarudi kusawazisha, anarudi tena, mwisho krimu inapata joto la mkono na inakuwa si laini wala si ya alama. Fanya mzunguko mmoja au miwili uache. Lakini ukingo wa juu uwe sawa na ghorofa zisimame wima. Alama za kisu zikiwa juu ya keki iliyosimama wima zinasomeka kuwa zimekusudiwa. Zikiwa juu ya keki iliyoinama, watu wataona uvivu.

Nguzo za ndani

Ghorofa tatu za vipimo hivi, pamoja na krimu, zinaweza kupita kilo 7. Keki ya chini haibebi uzito huo. Unaobeba ni vijiti vilivyofichwa ndani yake. Tumia vijiti vya mbao safi vya unene wa kidole kidogo, au mirija minene ya plastiki ya vinywaji vizito. Vijiti vya mishikaki ni vyembamba, huinama na kupasua keki. Kwenye ghorofa ya inchi 10 weka vitano au sita, kwenye ya inchi 8 vinne, vyote ndani ya duara la keki itakayokaa juu. Choma kijiti kimoja hadi kiguse ubao, weka alama usawa wa krimu, kitoe, kisha kata vingine vyote kwa urefu wa hicho kimoja. Usikipime kila kimoja mahali pake, kwa sababu keki haina usawa kamili na utapata nguzo za urefu mbalimbali, na ghorofa ya juu itakaa kama meza ya mguu mfupi.

Ikiwa keki itasafiri ikiwa imekwisha kujengwa, ongeza kijiti kimoja kirefu kilichochongwa ncha, kipite katikati ya ghorofa zote na mbao zake hadi chini. Lakini ushauri wa wengi wenye uzoefu ni kusafirisha kila ghorofa kwenye boksi lake na kujenga ukumbini. Gari likishuka kwenye feri Likoni, lile teremko pekee linatosha kuitelezesha ghorofa ya juu. Wapo wanaozunguka kwa barabara ya Dongo Kundu kwa sababu hiyo. Ndani ya gari keki ikae sakafuni, si kwenye kiti ambacho kimeinama, na kiyoyozi kiwashwe robo saa kabla keki haijaingia. Kwa arusi za Lamu, keki inayotoka bara itashukia Mokowe na kuvuka kwa boti, kisha ibebwe kwa mikono vichochoroni. Huko hata usifikirie kuijenga mapema. Beba mfuko wa krimu ya ziada, kisu na vitambaa, kwa sababu hakuna keki inayofika bila alama ya kidole mahali.

Jambo la jasho pia liwe akilini. Keki iliyotoka kwenye friji ikiingia kwenye hewa ya bahari hutokwa na matone kama chupa ya soda. Mtu akiona hivyo huchukua kitambaa akaifuta, na akifuta anaondoa pambo lote. Iache. Iweke ndani ya boksi lililofungwa hadi ipate joto la chumba, unyevu utashika boksi badala ya keki. Na ule utakaobaki juu ya krimu utakauka wenyewe. Ila rangi nzito, nyekundu na nyeusi, huchuruzika kwa jasho hilo. Sababu nyingine ya kubaki na rangi za maziwa.

Maua

Huku hatuna haja ya kuiga maua ya Ulaya. Asumini, waridi na rihani, vitu vilevile vya kikuba, ndivyo vinavyokaa vizuri kwenye krimu nyeupe, na harufu yake inajulikana kuwa ni ya arusi kabla mtu hajaiona keki. Asumini hunyauka upesi, kwa hivyo iwekwe saa ya mwisho. Waridi la dukani, lile linalotoka mashamba ya Naivasha kwa ajili ya vyombo vya maua, hupuliziwa dawa na halikukusudiwa chakula. Ukilazimika kulitumia, funga kikonyo chake kwa plastiki ya chakula au kitie ndani ya mrija, lisiguse krimu, na liondolewe kabla ya kukata. La bustani ya jirani asiyepulizia dawa ni bora.

Yako maua ambayo hayafai kabisa kukaribia keki, hata kwa picha. Olianda, lile la waridi na jeupe linalopandwa kando ya barabara na hotelini, lina sumu kali katika kila sehemu yake. Waridi la jangwani, lenye shina nene kama chupa, utomvu wake umetumika tangu zamani kwa mishale. Franjipani linalopendwa sana kwa harufu hutoa maziwa yanayowasha. Wapambaji wa ukumbi huyatumia haya kwa meza na jukwaa, na ni rahisi mtu kuchomoa moja akalipachika kwenye keki kwa nia njema. Mwokaji awaambie mapema.

Bila maua pia inapendeza. Tende zilizopasuliwa zikatiwa lozi, komamanga iliyofunguliwa dakika za mwisho, vipande vya limau vilivyokaushwa ovenini, zote zinafaa. Embe mbivu hutoa maji na kuchora mistari ya manjano. Iweke ndani, si nje. Na kama ni mtindo wa shamba kweli, basi keki isimame juu ya gogo la mwembe lililopigwa randa, au meza izungushiwe ukili. Kawa safi kubwa huikinga na nzi mpaka wageni waingie, na ni pambo tosha.

Ukumbini

Muulize mwenye shughuli mambo matatu kabla ya kupokea rubuni: ukumbi una kiyoyozi au feni, bibi arusi anatolewa saa ngapi, na keki itakatwa lini. Mara nyingi inaambiwa saa tatu usiku na inakatwa saa sita. Kwa krimu ya nusu kwa nusu kwenye ukumbi wa feni, mimi nisingeiacha mezani zaidi ya saa mbili. Iletwe baada ya Isha, ijengwe kwenye chumba cha nyuma, itoke wakati unapokaribia. Meza iwe mbali na taa za wapiga video, na iwe imara. Watoto huvuta kitambaa. Makubaliano haya yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, pamoja na jina la atakayeibeba na saa.

Wageni wakiwa wengi, usishawishike kuongeza ghorofa. Keki ya inchi 10, 8 na 6 hutoa vipande vidogo 70 hivi. Kwa watu 300 zinaokwa keki bapa za trei zenye ladha na krimu ileile, zikae jikoni, zikatwe huko na kutolewa kwenye sahani wakati ile ya ghorofa ingali inapigwa picha. Hakuna atakayejua kipande chake kimetoka wapi, na gharama ya mwenye arusi inapungua sana.

Baada ya bibi arusi kukata kipande chake, keki irudishwe nyuma. Ghorofa hushushwa kuanzia ya juu, kila moja na ubao wake, na vijiti vinachomolewa kabla kisu hakijaingia. Vihesabu: kama uliweka tisa, vitoke tisa, na kile kirefu cha katikati ni cha kumi.